Nyasi Zisizoogopa Panga

Askari anapostaafu, watu humpa mkono na kumwambia kwamba sasa anakwenda kupumzika. Koplo mmoja wa polisi, mzaliwa wa Koboko, aliambiwa hivyo mwaka 2018 alipokabidhi magwanda yake mjini Arua. Alishukuru kwa adabu, akapakia vyombo vyake katika lori pamoja na mkewe, wakaifuata barabara ya lami iendayo Oraba. Moyoni alijua kwamba hakukuwa na mapumziko yoyote yaliyomngojea. Katika bonde la nyumbani kwao, chini kidogo ya kaburi la baba yake, palikuwa na shauri la zamani ambalo ukoo wake ulikuwa haujalimaliza kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini, na mdaiwa katika shauri hilo alikuwa nyasi.

Msomaji aliyelelewa mjini huenda akacheka. Lakini yeyote aliyewahi kulima ukingoni mwa kinamasi katika wilaya za West Nile anazifahamu nyasi hizo ndefu, zenye mashina magumu na majani makali yakatayo viganja, ambazo hupita kimo cha mtu aliyepanda baiskeli. Wataalamu wa mimea wanaziita Echinochloa pyramidalis. Ni za asili katika Afrika yetu ya joto, na katika bonde lote la mto Nile zimejaa tele. Zikiwa changa ng'ombe huzipenda sana. Zikikomaa huzigeuzia mgongo. Chini ya ardhi zina mashina yatambaayo kwa kulala, yenye vifundo, na kila kifundo kina uwezo wa kutoa mche mpya. Humo ndimo yalimo maisha yake. Kile mtu akionacho juu na kukifyeka kwa panga ni nguo tu.

Shauri lenyewe lilianza mwezi Oktoba 1980, wakati mapigano yalipozuka tena katika West Nile na watu kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia Sudan na Zaire. Koplo alikuwa mtoto wa miaka kumi. Baba yake aliacha bondeni magimbi yaliyokuwa tayari kuchimbwa, miwa, na kisehemu cha mpunga. Waliporudi mwaka 1986, vita vya Sudan ya Kusini vilipowafikia kule kambini, mzee alisimama juu ya kilima na mwanawe akitafuta shamba lake kwa macho asilione. Pale palipokuwa na magimbi palikuwa na ukuta wa kijani ulioyumba kwa upepo. Mpaka wa shamba ulitambulikana kwa mti mmoja wa mkuyu tu. Mzee alifyeka mwaka ule, akafyeka mwaka uliofuata, na hata alipofariki alikuwa hajakomboa zaidi ya robo ya shamba. Neno lake la mwisho kuhusu jambo hilo lilikuwa fupi: "Usiuze, na usiache."

Mwana akaajiriwa katika polisi, na kwa miaka mingi makao yake yakawa Arua. Hapa ndipo yafaa mkewe atajwe, maana katika habari hii yeye ndiye aliyetangulia kupata ushindi. Wake wa askari wanajua jinsi mshahara unavyokwisha kabla ya mwezi. Mama huyu alikodi kipande cha ardhi kando ya kijito kimoja chini ya mji, mahali ambapo wengine walikwisha kukata tamaa kwa sababu ya nyasi zile zile. Akalima humo kabichi, dodo na sukuma wiki, akawauzia majirani zake wa kambini, na kwa fedha hiyo watoto watatu wa kwanza wakamaliza masomo ya sekondari.

Njia yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutenda. Alingoja mwezi Januari, jua la kiangazi likiwa kali na kijito kikiwa kimejificha. Udongo wa pale ni tifutifu wenye mchanga mwingi, kama ulivyo udongo wa miteremko mingi ya Arua, na maji yakishuka hubaki mlegevu kama unga. Jembe likizama, lile shina la chini lilitoka zima, refu kama mshipi, pamoja na vifundo vyake vyote. Aliyatandaza juani kwa majuma mawili hata yakavunjika mkononi kama kuni nyembamba, kisha akayapikia chai. Kwa viangazi viwili shamba likawa safi. Tangu hapo akina mama wenzake wakamsadiki katika mambo ya nyasi kuliko bwana shamba, na yeye mwenyewe, hapana budi kusema, akajisadiki vile vile.

Ndiyo maana walipofika Koboko, yeye ndiye aliyetoa amri. Januari 2019 koplo alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake, akaajiri vijana wanane, nao wakaingia bondeni na majembe. Siku ya kwanza majembe mawili yalivunjika mipini. Udongo wa bonde lile si wa Arua. Ni mfinyanzi mweusi, ulioletwa na maji ya karne nyingi ukatuama pale; wakati wa mvua hunata miguuni kama ugali mbichi, na wakati wa jua hukauka ukawa tofali, ukapasuka mipasuko ambayo mtoto aweza kuingiza mkono. Shina la chini limeshikwa humo kama msumari katika ubao. Vijana walipolivuta lilikatika. Vipande wakavitupa kando, na vingine vingi zaidi vikabaki ndani, kila kimoja na kifundo chake. Zaidi ya hayo, mfinyanzi huficha unyevu chini hata juu kukiwa kumekauka kabisa, hivyo vipande havikufa kwa kiu. Mvua za Aprili ziliponyesha, pale palipokuwa na shina moja yakatoka matano.

Koplo akaona kwamba sasa ni zamu yake. Alifikiri hivi: nyasi hizi ni za majini, basi nikiondoa maji nimeziondoa. Akachimbisha mfereji kutoka katikati ya bonde hadi kwenye kijito kiendacho upande wa mto Kaya. Maji yakashuka kweli. Kwa majuma machache alitembea bondeni kwa viatu vikavu, akajisifu. Kisha nyasi zikapanda kuliko mwaka wowote uliotangulia, na safari hii zikaenea hadi mahali ambapo zamani palikuwa na maji ya kudumu na hazikuwapo. Alizichoma moto. Baada ya siku chache yalichomoza machipukizi mororo, na ng'ombe wa jirani wakaja kuyasherehekea. Wafugaji wa Nile huchoma nyasi hizo makusudi kila kiangazi ili wapate machipukizi hayo. Koplo alikuwa amefanya kazi ya wafugaji bila malipo. Akataka kununua dawa ya kuua magugu. Mkewe akakataa katakata, kwa kuwa maji ya bonde lile hupita kwenye chemchemi ambayo nyumba nyingi huteka maji ya kunywa.

Mwisho wa mwaka ule mvua ziliponyesha kupita kiasi Afrika ya Mashariki yote, hesabu ya nyumbani ilikuwa mbaya. Binti yao wa mwisho alikuwa katika chuo cha uuguzi. Karo ya muhula mmoja haikupatikana, akarudi nyumbani na sanduku lake. Usiku ule mkewe alisema, bila kupandisha sauti, "Baba watoto, fedha ya mtoto tumeizika matopeni." Koplo hakujibu. Kulikuwa na la kujibu, kwamba shauri la kuchimba lilikuwa la nani, lakini alilimeza, na huenda kulimeza huko kuliiokoa nyumba yao. Asubuhi hawakusemezana. Siku ya tatu mkewe alisema afadhali shamba liuzwe kwa mfyatua matofali aliyekuwa akiutamani ule mfinyanzi. Koplo aliona kaburi la baba yake kila alipofungua mlango.

Mwezi Machi 2020 maradhi ya korona yakafunga shule, mipaka na magari. Nyumba ikajaa watoto na wajukuu. Miongoni mwa waliokwama pale alikuwa shangazi yake koplo, bibi wa miaka themanini na ushee, aliyekuja kwa mazishi akashindwa kurudi kwake. Bibi huyo alisikiliza habari yote ya majembe, mfereji na moto, akaomba fimbo yake.

"Mwanangu," alisema, "wewe umekuwa polisi miaka yote hii, lakini mtuhumiwa wako hujampeleleza hata siku moja. Unamkamata tu. Umemwuliza analala wapi?"

"Analala bondeni, shangazi."

"Bonde ni kubwa. Twende."

Wakaenda polepole, kutoka juu kuteremka chini, mkewe koplo akiwafuata nyuma kwa umbali wa mtu aliyenuna. Juu, karibu na mkuyu, nyasi zile hazikuwapo. Palikuwa na nyasi za kawaida za mbugani. Hatua ishirini chini zaidi zikaanza, na hapo zilikuwa msitu. Wakapita kando kando mpaka kwenye shimo la karibu na chemchemi, mahali pasipokauka mwaka mzima na ambapo mfereji wa koplo haukufika. Humo palikuwa na mafunjo na yungiyungi. Nyasi zile zilikuwa zimesimama ukingoni zikainama kuelekea majini, wala hazikuingia. Bibi alizionyesha kwa fimbo. "Kukavu sana hakai. Penye maji ya daima hakai. Yeye anakaa pale maji yanapokuja na kuondoka. Na wewe umemchimbia mfereji, maji yaje na kuondoka bonde zima."

Maneno ya bibi yule, aliyeyapata kwa kuchunga ng'ombe wa baba yake, ndiyo yale yale ambayo wataalamu wameyaona mahali pengine, na hapa inafaa kuliacha bonde la Koboko kwa kitambo na kuufuata mto. Vijito vya Koboko huteremka kwenda Kaya, Kaya huingia Nile, na Nile huingia Sudd, kile kinamasi kikubwa cha Sudan ya Kusini. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilijaa hata uso wake ukapanda takriban mita mbili na nusu, na maji hayo yakateremka kaskazini. Eneo la Sudd likaongezeka zaidi ya mara mbili. Sehemu nyingi zilizokuwa malisho, yaani tambarare za nyasi zifunikwazo na maji kwa msimu na kuachwa wazi kwa msimu, zikawa chini ya maji mwaka mzima. Nyasi hazikustahimili. Mafunjo na matete yakatwaa mahali pake, na wafugaji wakapoteza malisho yao ya kiangazi. Kwao ilikuwa hasara kubwa, na machozi ya mfugaji yasichukuliwe kama furaha ya mkulima. Lakini inaonyesha wazi nani mwenye mamlaka juu ya nyasi hizo. Ni maji, na hasa muda ambao maji hukaa.

Upande wa pili wa dunia mambo yalikwenda kinyume. Nyasi hizi zilichukuliwa kutoka Afrika zikapelekwa nchi za joto za Amerika ziwe chakula cha ng'ombe. Huko Meksiko, katika jimbo la Veracruz kwenye pwani ya Ghuba, zilitoroka malishoni zikavamia vinamasi vya maji baridi na kuisukuma nje mimea ya wenyeji. Kwa wingi wa majani yake yaozayo na mizizi yake, huinua sakafu ya kinamasi kidogo kidogo, kina cha maji kikapungua, na kwa hiyo zikajitengenezea makao mazuri zaidi. Wataalamu wa huko nao waliona kwamba kufyeka peke yake hakutoshi. Mtu wa Koboko akisikia hayo anapata faraja kidogo kwamba ujinga wake una ndugu mbali.

Lakini kwa nini maji yaue nyasi za majini? Jibu limo ndani ya shina. Mizizi iliyozama katika tope haina hewa, kwa kuwa katika mfinyanzi uliojaa maji hewa karibu haimo kabisa. Mimea ya kinamasi ina nafasi ndogo ndogo ndani ya mashina yake, zinazopitisha hewa kutoka majani yaliyo juu hadi mizizi iliyo chini. Shina likikatwa juu ya maji, bomba limebaki wazi na mmea huchipua kwa furaha. Likikatwa chini ya maji, na maji yakabaki juu ya kisiki kwa majuma kadhaa, bomba limezibwa. Kisiki hutumia akiba yake ya chakula bila kupumua, kisha huoza. Panga ni lile lile. Tofauti ni shibiri moja ya maji.

Na udongo ndio uamuao kama shibiri hiyo itakaa. Mfinyanzi, ambao kwa jembe la Januari ulikuwa adui, hushika maji kama sufuria. Udongo wa mchanga wa Arua ungeyamwaga kama chungio, na mtu angezuia maji mpaka achoke. Kila udongo una njia yake, na mume na mke hawa walikuwa wametumia kwa bidii kubwa njia ya udongo mmoja juu ya udongo mwingine.

Koplo aliuziba mfereji wake mwezi Julai 2020, kwa magunia ya udongo, huku wajukuu wakishangilia kana kwamba ni mchezo. Akakata fimbo ya mti mgumu, akaitia alama za shibiri kwa kisu, akaisimamisha katikati ya bonde. Badala ya kuchimba ndani, walijenga tuta la kimo cha goti kuzunguka sehemu ya shamba la zamani la mzee, wakaacha kinamasi kingine kama kilivyo. Katika jambo hili walishauriwa vema wilayani, maana Katiba ya mwaka 1995 imeviweka vinamasi chini ya dhamana ya serikali kwa manufaa ya wananchi wote, na mtu hana ruhusa ya kukausha apendavyo hata kama shamba ni la babu yake. Mvua za Agosti zikajaza. Maji yalipofika alama ya kwanza, watu wote wa nyumba waliingia na mapanga na mafyekeo, wakainama hadi mikono ikazama, wakakata karibu na ardhi. Kazi hiyo ni mbaya. Ruba walikuwamo. Binti wa uuguzi aliwabandua miguuni mwa wadogo zake kwa ustadi ambao mama yake aliuona na kuugeukia mbali ili asilie.

Yale yaliyokatwa hawakuyaacha majini. Waliyatoa yote, ya kijani yakaenda kwa ng'ombe, makavu yakawekwa ya kuezekea. Maji yakapanda hadi alama ya pili na kukaa Septemba na Oktoba. Kila asubuhi koplo aliteremka kuangalia fimbo, na kila jioni. Palipovuja aliziba. Mwezi Novemba alipoteremsha maji kidogo akavuta kisiki kimoja, kilitoka mkononi kimeoza, cheusi, chenye harufu ya yai bovu. Alikipeleka nyumbani akakiweka mezani mbele ya mkewe, jambo ambalo mke yeyote angelikasirikia siku nyingine.

Isidhaniwe kwamba mambo yote yalinyooka. Katika pembe ya juu, pale kijito kinapoingia na kumwaga mchanga wake, maji hayakutuama hata kidogo, na nyasi zikachipua kana kwamba hakuna kilichotendeka. Koplo aliongeza tuta. Maji yakapita chini yake. Ndipo mkewe alipochukua konzi ya udongo wa pembe ile, akausugua viganjani, ukamwagika kati ya vidole. "Huu ni wa Arua," alisema. Januari iliyofuata aliingia humo peke yake na jembe lake la zamani, na lile shina la chini likatoka zima, refu kama mshipi. Chai ya majuma yale ilipikwa kwa kuni hizo hizo.

Mpunga wa kwanza ulipandikizwa mwaka 2021, miche ikiwa imekomaa kidogo ili isizidiwe na maji. Mavuno hayakuwa makubwa. Walipata magunia ya kula na machache ya kuuza, na magimbi yalipandwa tena kwenye ukingo wa tuta, mahali pale pale mzee alipoyaacha mwaka 1980. Chuo kilipofunguliwa tena binti alirudi na sanduku lake. Mfyatua matofali amejipatia mfinyanzi kwingine.

Upande wa mashariki koplo ameacha ukanda wa nyasi bila kuugusa. Shangazi yake alimwonya kabla ya kurudi kwake kwamba mwaka wa njaa ya ng'ombe utakuja, na wakati huo zitatafutwa. Ukanda huo haukai ndani ya mpaka wake kwa hiari. Kila mvua hutuma shina moja au mawili chini ya tuta kuelekea mpunga, na kila mvua watu wa nyumba ile huyafuata. Fimbo ya alama imekwisha kuoza mara moja ikabadilishwa. Alfajiri, kabla ya chai, mkewe koplo huuliza akiwa bado jikoni, "Afande, maji yako wapi?" Naye hujibu kwa sauti ya askari wa zamu kutoka bondeni, alama ya kwanza, au ya pili, au kwamba yameshuka usiku na yuko njiani kuchukua jembe.